Bwawa la Los Molles

Jiwe la kwanza aliliweka Eliseo mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, na hata baadaye, watu walipomzomea mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze, hakusema kwamba alisukumwa. Alilitoa ukingoni, jiwe zito lenye utelezi, akaliweka mtoni hatua chache chini ya pale barabara ya vumbi inapoingia majini na kutokea ng'ambo. Akajifuta mikono kwenye suruali, akawaambia wenzake, "Haya jamani, kazi."

Ndivyo walivyofanya Los Molles kila mwaka siku ya rali, mbio zile za magari. Kabla jua halijatoka, wanaume wa bonde lile walishuka na mawe, viroba vya mchanga na maturubai, wakaziba mto. Maji ambayo siku zote yalilowesha vifundo tu yakapanda mpaka mapajani. Gari likija kwa kasi, mto mzima uliruka juu, ukawaangukia watu wa kingo zote mbili, na watu wakapiga mayowe ya furaha. Aliyerudi nyumbani mkavu kutoka Los Molles alichekwa kama vile hakuja. Na kwa kuwa wakubwa wa mbio hupitisha gari lao la ukaguzi mapema, Eliseo alibuni mlango: lango la zamani la banda la kuku, limesimamishwa katikati ya bwawa. Gari la ukaguzi likikaribia, lango linang'olewa, maji yanashuka, wakubwa wanatazama, wanaridhika, wanapita. Wakishatokomea, lango linarudishwa. Kwa ujanja huo Eliseo Ferreyra alikuwa na jina bonde zima. Watoto walimwita Mhandisi, naye akijifanya hataki huku akitabasamu.

Sasa mwaka huu binti yake wa pekee alikuwa mashindanoni. Jorgelina aliendesha gari namba hamsini na nane, gari dogo la chini, la daraja lile la mwisho ambalo vijana wa nchi wanaruhusiwa kukimbia nyuma ya mabingwa wa dunia. Alikuwa wa pili katika daraja lake, nyuma ya kijana mmoja wa Buenos Aires aitwaye Iturralde, na tofauti yao ilikuwa sekunde za kuhesabu kwa vidole. Atakayeshinda angelipiwa msimu mzima ujao. Kipande cha mwisho cha mbio kilipita hapahapa, kwenye barabara ambayo Jorgelina alijifunzia kuendesha akiwa na mikebe ya maziwa nyuma. Nyumbani walikuwa wameuza pikapu ili gari la binti lipate matairi. Eliseo alifika mtoni amepakiwa nyuma ya pikipiki ya rafiki yake Tucho, na Tucho hakuacha kulitangaza hilo kwa kila kikundi walichokipita.

Alhamisi, baada ya madereva kuruhusiwa kupita polepole na kuandika maelezo ya njia, Jorgelina alikula nyumbani. Alikula kwa haraka, kiwiko mezani, akimweleza mama yake kona moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye kivuko aliacha uma.

"Baba, mwaka huu maji msiyaguse. Nimeandika napita kwa kasi yote."

"Hatutayagusa," Eliseo akasema.

Na alimaanisha, jamani. Mtu asije akasema kwamba alimdanganya mwanawe kwa makusudi. Lakini alfajiri ile kando ya moto, kibuyu cha yerba, chai ya kwao, kikizunguka kutoka mkono hadi mkono, Tucho akaanza kumchokoza. Mhandisi amekuwa mwoga. Mhandisi tangu mtoto apande gari ameanza kuvaa sweta mbili. Watu wametoka mikoa mitano kuja kulowa, tuwaambie nini, maji yamekatazwa na mkewe? Wakacheka wote. Eliseo naye akacheka, kwa sababu usipocheka ndiyo unakwisha kabisa. Halafu akawapa mpango. Mabingwa wa dunia wanapita kwanza. Baada yao kuna nafasi ndefu kabla ya magari madogo. Mabingwa wapate bwawa, watu walowe wafurahi, kisha yeye mwenyewe atang'oa lango, mto ushuke, Jorgelina apite kwenye maji yaleyale aliyoyaona Alhamisi. Mpango ulionekana safi kabisa. Akaenda akachukua jiwe.

Jua lilipopanda, mlima wote ulikuwa na watu. Mahema, moshi wa nyama, bendera, redio zinazogombana, vijana wakinywa pombe ya fernet kwenye chupa zilizokatwa nusu. Nilda, mke wa Eliseo, alishuka na kikaango chake na beseni la unga uliokandwa, kama kila mwaka, kukaanga maandazi na kuyauza. Alikuwa bado hajaweka kikaango chini alipoyaona maji. Kisha akamtafuta mumewe kwa macho, akamwita kwa kidole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Hakupaza sauti. Alitaka kujua tu kama yale maji ni ya mvua. Eliseo akamweleza kuhusu lango, kuhusu nafasi, kuhusu mabingwa kwanza na magari madogo baadaye. Kadiri alivyoeleza ndivyo mpango ulivyozidi kupoteza usafi wake. Nilda alisikiliza mpaka mwisho, akainama kuwasha moto.

"Wewe ulimwahidi, Eliseo. Mimi sikumwahidi kitu, wala Tucho."

"Nitalifungua."

"Haya. Ukafungue."

Gari la ukaguzi lilikuwa limeshapita mapema, maji yakashuka, maji yakarudi. Ndipo likaja gari la kwanza la mabingwa. Lilisikika kabla ya kuonekana, likatoka kwenye kona likiteleza kiubavu, likaingia mtoni, na mto ukasimama wima juu. Watu wakalowa mpaka chupi. Wazee wazima walirukaruka wakikumbatiana. Eliseo mwenyewe alipiga kelele, akasahau kila kitu kwa muda ule, maji yakimchuruzika kwenye masharubu. La pili likapita, la tatu likapita. Mayowe yakawa yaleyale.

La nne ndilo lililomtia ubaridi. Liliingia sawasawa kama yale mengine, lakini pua yake ilizama, halafu nyuma ikanyanyuka, juu kabisa, likaning'inia, likaanguka kwa kishindo na kutoka likiyumba. Umati ukashangilia maradufu. Eliseo hakushangilia. Yeye alijua mto ule. Magurudumu yale makubwa yalikuwa yakichimba, na maji yaliyotulia, yasiyo na nguvu ya kusukuma kokoto, hayakuweza kujaza lile shimo. Kila gari liliongeza. Juu palikuwa na tope la rangi ya kahawa lisiloonyesha chochote. Gari kubwa lina miguu mirefu na nguvu kwenye magurudumu yote, linaweza kuruka na kuendelea. Gari la Jorgelina lingeingiza pua pale na kupinduka kichwa chini ndani ya maji, na yeye amefungwa mikanda, na Yamila anayemsomea njia amefungwa ubavuni mwake.

Mabingwa walipokwisha, Eliseo akaingia mtoni kufungua lango.

Hapakuwa na pa kushika. Watu walikuwa wamejaa juu ya bwawa lenyewe, bega kwa bega, kwa kuwa hakuna mahali pazuri pa kuona kama pale. Hawakuwa watu wa bondeni. Walitoka mbali, hawakumjua Mhandisi wala binti wa Mhandisi. Vijana fulani wenye moyo wa kusaidia walikuwa wameongeza mawe yao, na lango la banda la kuku lilikuwa limefunikwa hata halionekani. Eliseo akaomba wasogee. Akaomba vizuri, akawaita wanangu. Wakamwambia atulie mzee, magari yanakuja. Akasema ndiyo maana anataka wasogee. Wakacheka.

Akaanza kuvuta mawe. Jiwe moja, la pili. Mwanaume mmoja mnene aliyekuwa na watoto watatu, viatu vyao vimefungwa mifuko ya plastiki, akamshika mkono.

"Mzee, unafanya nini?"

"Natoa maji. Kuna shimo. Mtu atakufa hapa."

"Mimi nimetoka Rosario usiku kucha. Gari limeniharibikia njiani, nimefika mabingwa wameshapita. Hawa watoto hawajaona hata tone. Sasa na wewe unataka kutoa maji."

Eliseo akajitoa mkononi mwake, akainama tena. Sijui nani alimsukuma. Pengine hakuna aliyekusudia, umati ule ulikuwa ukisogea wenyewe kama ng'ombe zizini. Alianguka chali mtoni, kofia ikaelea, na watu mia kadhaa wakaangua kicheko. Aliponyanyuka aliona simu zimenyooshwa zinampiga picha. Tucho alikuwa ukingoni. Eliseo akamwita aje washirikiane. Tucho akatazama umati, akatazama maji, akaanza kujipapasa mifuko akitafuta sigara aliyokuwa nayo mdomoni.

Akafikiria kupanda barabarani, asimame kabla ya kona, ampungie mkono binti yake apunguze. Lakini kila mtu pale alikuwa akipunga mikono. Walipunga bendera, walipunga mashati. Kwa dereva anayetoka kwenye kona ile, mtu anayepunga ni shabiki tu. Simu nazo bondeni hazishiki, na hata zingeshika, Jorgelina alikuwa ameshavaa kofia, yuko kwenye mstari wa kuanzia.

Akapanda kwa Walter.

Walter Baudino alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya kijiji, na siku ya rali alivaa fulana ya rangi ya chungwa ya wasimamizi na kushika redio ya mawasiliano. Uso wake ulikuwa umemwiva kwa wasiwasi tangu asubuhi, kijana wa watu, na polisi wawili aliopewa walikuwa wakila maandazi ya Nilda. Eliseo akamwambia aite kwenye redio, aseme kivuko hakifai. Walter akamvuta kando. Akakiri kwa sauti ya chini kwamba bwawa aliliona tangu alfajiri akajifanya hamnazo, kama wanavyofanya wote kila mwaka.

"Nikiita hawatasema punguzeni mwendo, don Eliseo. Watakifuta kipande chote. Na marudio ya mchana ya mabingwa pia. Hawa watu watatuchinja."

"Ita."

"Na Jorgelina? Wakifuta, daraja lake lote linapewa muda mmoja. Atabaki wa pili. Sekunde zile alikuwa azipate hapa."

Eliseo alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo akiwa chali mtoni. Aliona pikapu iliyokwenda. Aliona miaka ambayo binti yake alifanya kazi kwenye karakana ya tairi, wanaume wakimwuliza mwenye duka yuko wapi huku yeye ndiye ameshika spana. Alijua pia kwamba yote hayo Jorgelina angeyavumilia kama yangeharibiwa na mvua, au na injini, au na Iturralde. Sasa yangeharibiwa na baba yake. Kwa muda akawaza labda shimo si refu hivyo, labda binti ataona rangi ya maji na kuondoa mguu, labda. Watu huwaza hivyo.

Nilda alikuwa amefika nyuma yao, mikono imejaa unga.

"Ita, Walter," akasema. "Atatukasirikia mwaka mzima. Na akasirike tu."

Walter akainua redio. Alisema kivuko kina maji marefu, kina shimo, na kimezibwa na mashabiki. Sauti ya upande wa pili ikauliza kimezibwa na nani. Walter akaifunika redio kwa kiganja, akamtazama Eliseo, na macho yake yalikuwa yakimwambia kwamba si lazima ajibu.

"Sema Ferreyra," Eliseo akasema. "Sema baba wa hamsini na nane."

Walipotangaza kwa kipaza sauti, mara ya kwanza watu hawakuamini. Mara ya pili wakaanza kupiga miluzi. Sauti ikarudia, taratibu, kwamba kipande kimefutwa kwa sababu za usalama, na marudio ya mchana yamefutwa, na mashabiki wanaombwa kuondoka kwa utulivu. Utulivu gani sasa. Chupa zikaruka. Mtu akapindua jiko lake mwenyewe kwa hasira, nyama ikaenda na vumbi, halafu akakaa chini akaanza kulia. Wengine walikuwa wamelala pale siku mbili kwenye baridi inayogandisha maji ndooni, ili wapate nafasi mbele. Walikuwa na haki ya kuumia, na waliumia, na mtu akiumia hutafuta wa kumtupia lawama.

Wakampata upesi. Tucho ndiye aliyemtaja, ingawa mpaka leo anaapa kwamba alijibu swali tu. Ni yule mzee aliyeanguka. Yeye ndiye aliyejenga, yeye ndiye aliyechongea. Kisha ikazuka kwamba binti yake anakimbia, na hapo ndipo palipochafuka. Amefuta mbio ili binti yake ashinde. Mwizi. Msaliti. Wakamrushia tope, mikate, barafu za vinywaji. Polisi wawili walisimama karibu naye, si karibu sana. Eliseo alifungua mdomo kuwaeleza kwamba binti yake anashindwa kwa ajili ya jambo hilihili, akaona hakuna atakayesikia, akaufunga.

Mwanaume wa Rosario hakurusha kitu. Alikuja mbele, wale watoto wakimfuata kwa mstari.

"Niwaambie nini hawa?" akauliza. "Wewe niambie, nami nitawaambia."

Eliseo akawatazama watoto. Mdogo alikuwa ameshika gari la kuchezea lenye namba iliyochorwa kwa kalamu. Alisema tu, samahani, bwana, naye yule akatikisa kichwa na kuwaongoza wanawe kupanda mlima.

Magari madogo hayakuwa na njia nyingine ya kurudi mjini. Ilibidi yapite hapohapo, polepole, moja moja, katikati ya miluzi. La kwanza liliingia majini kwa tahadhari na bado likazama pua, injini ikafa, watu wakalisukuma likatoka. La pili likasita ukingoni, nalo likasukumwa likapita. Halafu akafika hamsini na nane.

Jorgelina alisimamisha gari, akashuka, akavua kofia. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso. Watu walipomtambua miluzi ikapanda, ila yeye hakugeuka. Aliingia mtoni na nguo zake za mbio, akatembea kwa mguu mmoja mbele ya mwingine akipapasa. Ghafla akatumbukia mpaka kiunoni. Akasimama pale ndani ya shimo. Akalipima kwa mikono, urefu, upana, kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akamwona baba yake ukingoni, ana tope kuanzia masharubu mpaka viatu, na hakuhitaji kuuliza.

Akatoka, akasimama mbele yake.

"Nilikuwa naingia kwa kasi yote, baba."

"Najua."

"Yamila aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika, baba yangu ndiye mwenye mto."

Eliseo akainamisha kichwa. Binti akafuta pua kwa glavu.

"Nani aliomba wafute?"

"Mimi."

Jorgelina aliutazama mlima, watu waliokuwa wakimtukana, kisha akageuka kumtazama mama yake, ambaye alikuwa ameingia mtoni amekunja sketi na kuanza kung'oa mawe ya bwawa peke yake. Aliporudisha macho kwa baba yake hayakuwa na msamaha wala hayakuwa na chuki. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka, mwenye kazi mbele yake.

"Tembea mbele," akasema. "Nionyeshe pa kupita."

Eliseo akaingia majini. Alitafuta kwa miguu mahali pagumu, akakwepa shimo kwa kushoto, akanyoosha mkono kuonyesha gurudumu lipite wapi. Gari lilimfuata karibu sana, joto la injini alilisikia mgongoni. Wakamzomea mwendo wote. Mkate ulimpiga sikioni, akaendelea. Walipofika ng'ambo akasogea pembeni, akasubiri kioo kishuke, hata kama ni kwa tusi. Hakikushuka. Hamsini na nane ilipanda ukingo, ikakusanya mwendo kwa upole, ikakata kona. Eliseo alilia pale aliposimama, na kwa kuwa alikuwa ameshalowa, hakuna aliyepata cha kumcheka zaidi.

Nyuma, ukingo wa pili, gari lingine lilikuwa limesimama. Walikuwa wamepangwa kinyume siku ile, anayeongoza anatoka mwisho. Kijana mwenye meno meupe alichomoza kichwa dirishani, akaweka viganja mdomoni ili asikike.

"Mzee, samahani. Utanisaidia na mimi?"

Alikuwa Iturralde. Hakujua mzee yule ni nani, na alimsihi kwa adabu, kama kijana aliyelelewa vizuri. Nilda aliacha mawe akamtazama mumewe. Eliseo akajifuta uso kwa mkono uliojaa tope, akashuka tena mtoni, akavuka kurudi ukingo ule, akaligeukia gari kulionyesha ishara lianze. Kisha akatembea mbele yake polepole, akipapasa kwa miguu, mpaka mshindi akapita salama.